Kilo 4.2

Jumapili usiku, kambi ya uwindaji, Rungwa.

Tangu Alhamisi nasikia sauti ya Mzee, mkongwe wa kambi yetu. "Lete nikubebee kidogo, binti yangu." Ni hayo tu. Alinyoosha mkono, nami nikaikumbatia bunduki kama mtoto anayenyang'anywa mwanasesere.

Ni ile .375 ya kambi (namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi): kilo 4.9 ikiwa na darubini na risasi 4. Kwa nyati sheria hairuhusu kushuka chini ya .375, kwa hiyo cha kupunguza ni chuma na mbao tu. Ndiyo maana nimeitamani mno ile bunduki mpya ya kilo 4.2. Gramu 700, ukiwa mezani utacheka. Zisikilizie begani saa tisa alasiri, umefuata nyayo tangu alfajiri na mbung'o wanakumaliza shingo.

"Hapana Mzee, naweza," nikamjibu.

"Sijasema huwezi. Nataka mikono yako ibaki na kitu."

Nilikasirika. Nilidhani ameniona mwanamke kwanza, mwindaji baadaye. Muda mfupi mbele tukawakuta nyati. Mgeni tuliyemwongoza akaweka bunduki yake kwenye fimbo tatu za kuegemeza, mimi pembeni nikamkinga, na mtutu wangu ukawa unazama taratibu, naunyanyua, unazama tena. Upepo ukageuka, nyati wakaondoka. Hakuna aliyeuona mtutu ule ila Mzee, na hakusema neno.

Jana nilimwendea mwenyewe. Akaziweka bunduki zote mbili kwenye turubai, akaniambia nikimbie hadi kisimani na kurudi, kisha nipige kila moja bila kuegemea. Ile nyepesi ilicheza na kila pigo la moyo, ikanipiga teke bega, na risasi ya pili nilifumba macho kabla ya kufyatua. Matundu yalitawanyika karatasi nzima. Nzito ilichelewa kupanda, lakini iliposimama ilisimama.

"Nyepesi inakusaidia kufika," akasema. "Ukishafika, hutembei tena."

Nabaki na nzito. Darubini kubwa naitoa, nafunga ndogo, na mkanda natafuta mpana. Na kesho, jua likianza kuuma, nitampa Mzee aibebe kabla hajaomba. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea, mpaka usingizi umekataa.

Ningemsimulia Mama, ila simu yake inaita tu tangu juzi, na jirani naye hapatikani, ndiyo maana nawaandikia ninyi.