Balbu Inayolishika Wimbi

Usiku wa leo kisanduku changu cha kuzalisha mawimbi kimefanya kazi saa tatu mfululizo bila kimo cha wimbi kubadilika, nami nimekaa muda mrefu mbele ya osiloskopu, chombo kinachochora wimbi la umeme kwenye kioo, nikilitazama tu.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitafuta hitilafu za vikuza sauti kwa kugusa waya wa kuingizia kwa ncha ya bisibisi na kusikiliza mvumo. Njia hiyo huonyesha kwamba kifaa kina uhai, lakini haionyeshi sauti inapotelea wapi wala inaharibika kiasi gani. Fundi anahitaji wimbi ambalo kimo na masafa yake (idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani hezi) anayajua, aliingize mwanzoni mwa saketi, kisha alifuate hatua kwa hatua.

Nilichagua daraja la Wien, saketi ya kuzalisha wimbi, kwa sababu vipande vyake ni vichache: rezista mbili (vipande vinavyokinza mkondo) na kapasita mbili (vipande vinavyohifadhi chaji) huamua masafa, na chipu moja ya kukuza mawimbi, NE5532, hukuza. Kwa rezista za kilo-omu 10 na kapasita za nanofaradi 15, hesabu hutoa hezi 1,061, na mita ilisoma karibu na hapo tangu mara ya kwanza.

Kilichonichelewesha ni ukuzaji. Daraja hili hudai wimbi likuzwe mara 3 kamili. Ukuzaji ukipungua kidogo tu, wimbi hufifia hadi kufa. Ukizidi, hukua mpaka likagonga ukomo wa volti za betri, na vilele vyake vikakatwa bapa. Jioni mbili nzima nilihangaika na rezista ya kurekebisha. Niliizungusha kidogo kidogo nikapata wimbi laini la sini, nikaenda kunywa maji, na niliporudi nikakuta mstari mtupu kwenye kioo, kwa kuwa vipande vilikuwa vimepata joto na thamani zao zimesogea.

Dawa yake ni ya zamani, na uzuri wake haujanichosha. Mwaka 1939, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford, William Hewlett aliweka balbu ndogo mahali pa rezista ya kawaida, na wazo hilo ndilo lililozaa 200A, chombo cha kwanza cha kampuni ya Hewlett-Packard. Uzi wa balbu ukipata moto, ukinzani wake hupanda. Kwa hiyo wimbi likitaka kukua, mkondo unaopita kwenye uzi huongezeka, uzi hupata joto, ukinzani hupanda na ukuzaji hushuka. Wimbi likinywea, uzi hupoa na mambo hugeuka. Nimetumia balbu ya volti 28 na miliampea 40 pamoja na rezista ya omu 430, hivyo saketi hutulia pale uzi unapofika omu 215, nusu ya rezista hiyo. Balbu haitoi mwanga unaoonekana, hata taa za chumba zikizimwa.

Ina tabia zake, nazo ni lazima zijulikane. Nilipogonga meza kwa kidole, wimbi lilitetemeka kwenye osiloskopu, maana uzi ulikuwa ukicheza ndani ya kioo chake. Sasa nimeikalisha balbu kwenye kipande cha sponji. Nikizungusha potenshiometa ya masafa (rezista mbili za kurekebishwa zinazozungushwa kwa pamoja), wimbi huvimba na kunywea kwa muda mfupi kabla ya kutulia, kwa sababu pande mbili za potenshiometa hiyo hazilingani kabisa. Chini ya hezi 20 hali ni mbaya zaidi: uzi hupata nafasi ya kupoa na kupata moto ndani ya mzunguko mmoja, na umbo la wimbi huharibika. Kwa kazi ya vikuza sauti sioni haja ya kushuka huko.

Kabla ya kufunga kifuniko nimekiunganisha na kikuza sauti kilichokaa mezani wiki mbili bila kutoa sauti. Nimeingiza hezi 1,000 kwa kimo kidogo, nikalifuata wimbi kwa ncha ya osiloskopu. Hatua ya kwanza lilikuwepo, safi na limekuzwa ipasavyo. Upande wa pili wa kapasita inayopeleka wimbi hatua ya pili hapakuwa na kitu. Nimeing'oa, na mguu wake mmoja umebaki kwenye bodi.