Milimani au haibridi? Kwa Tabora anza na tairi

Ukiacha lami ya kwenda Urambo ukashika njia za vijijini mwezi Agosti, tairi la mbele huzama mchangani na usukani huanza kujiendea wenyewe. Hapo ndipo baiskeli ya milimani na haibridi, yaani chotara wa ya milimani na ya lami, huachana. Dukani zote zinapendeza.

Ya milimani, kwa maana ya hizi za mtumba, ina ringi ya inchi 26, tairi la meno lenye upana wa inchi 1.95 hadi 2.3, gia nyepesi, na mara nyingi shokapu mbele. Haibridi ina ringi ya 700, tairi la milimita 35 hadi 42, mkao wa wima kidogo, na matundu ya kufungia keria na madigadi. Mtu ambaye nusu ya safari yake ni lami na nusu ni vumbi huona haibridi imetengenezwa kwa ajili yake. Lakini mchanganyiko waliokusudia watengenezaji ni lami na changarawe iliyoshindiliwa. Mchanga wa Unyamwezi haumo katika hesabu hiyo.

Mchangani kinachokubeba ni upana wa tairi na upepo uliomo, si fremu. Mwenye kilo 70 na tairi la 2.1 anaweza kushusha hadi PSI (kipimo cha upepo) 28 mbele na 32 nyuma, tairi likatandazika na kupita juu ya mchanga badala ya kuukata. Tairi la milimita 38 linataka PSI 55 hivi kwenye lami. Ukilishusha hadi 40 litavumilia mchanga mwepesi, lakini chini ya hapo ringi hugonga mzizi au jiwe na kuibana tyubu. Pancha ya namna hiyo inajulikana: matundu mawili yamekaa sambamba. Mwiba hutoboa moja. Ukiona mawili, usipoteze muda kupapasa tairi ukitafuta mbigili; ongeza upepo.

Na mbigili wapo wa kutosha kiangazi. Watu hukata kingo za tairi kuukuu na kulitandika ndani ya jipya, na kweli linasaidia. Kwenye tairi la 2.1 nafasi ipo. Kwenye la 38 linabana, na ncha zake zinapopishana huikwangua tyubu mpaka inatoboka yenyewe. Ukilazimika, chonga ncha zote mbili kwa kisu ziwe nyembamba kama karatasi, kisha paka unga wa mtoto kabla ya kurudisha tyubu.

Sasa jambo linalowapotezea watu fedha kuliko yote: saizi. Ringi ya 700 ya haibridi ina kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa. Foniksi na baiskeli nyingine kubwa za mzigo hutumia 28 kwa 1½, ambayo ni milimita 635. Zote mbili huitwa "ishirini na nane". Muuzaji akikupa tairi la 28 la Foniksi, litavaa kwenye haibridi kirahisi mno, halafu ukijaza upepo linaruka nje ya ringi, kwa sababu limezidi kwa milimita 13. Mtego uko hata kwenye 26: baiskeli za Kijapani za kwendea sokoni hutumia 26 kwa 1⅜, ambayo ni 590, wakati ya milimani ni 559. Haziingiliani kabisa. Usitaje inchi dukani. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, mfano 50-559 au 38-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo. Ya pili lazima ilingane na ya tairi lako la zamani, ya kwanza una uhuru nayo kidogo. Ringi ya 29 ya milimani nayo ni 622, kwa hiyo tairi jembamba la 29 linaweza kukaa kwenye haibridi ikiwa fremu ina nafasi.

Haibridi za Ulaya pia huja na valvu nyembamba yenye kinati kidogo juu. Pampu nyingi za vijiweni haziikamati bila kiungo chake, hivyo nunua viungo viwili, kimoja kikae chini ya kiti. Tundu la valvu hiyo kwenye ringi ni milimita 6.5, valvu nene kama ya pikipiki inataka 8.5. Fundi mzuri analipanua kwa biti na kulipiga tupa kingo zake, ila kwa ringi pana tu. Nyembamba hudhoofika na inaweza kupasuka.

Gia zina maneno machache. Kwa friwili ya meno 14 hadi 28, ya milimani yenye meno 24-34-42 mbele hukupeleka mita 1.8 kwa mzunguko mmoja wa pedeli kwenye gia nyepesi kabisa, na mita 6.2 kwenye nzito. Haibridi ya 28-38-48 ni mita 2.2 na 7.5. Ukizungusha mara 80 kwa dakika, gia nzito zinakupa kama kilomita 30 na 36 kwa saa. Tabora ni tambarare, basi gia nyepesi utaihitaji mchangani tu. Kigoma ingekuwa hadithi nyingine: kupanda kutoka ziwani ukiwa na mzigo kwenye keria, haibridi itakushusha uisukume.

Mvua zikianza Novemba, adui ni udongo mweusi wa mbuga. Unanata, unajaa kati ya tairi na digadi, na gurudumu linakataa kuzunguka. Haibridi yenye madigadi ya kubana husimama ndani ya mita chache. Yafungue msimu wote wa mvua, au hakikisha kidole chako kinapita kati ya tairi na fremu pande zote. Breki za diski hushinda za raba kwenye matope, lakini chukua diski za kuvutwa kwa waya. Za mafuta zikiingia hewa zinahitaji vifaa na mafuta yake maalumu, na hivyo havipatikani kila kijiwe.

Kwa hiyo mimi ningechukua ya milimani ya 26 ya chuma, isiyo na shokapu kabisa. Shokapu za bei rahisi huongeza kilo moja na zaidi, hulamba mchanga, zikilegea hazina vipuri. Kamata breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma: ukisikia mgoto kwenye miguu ya shokapu, iache. Kisha vaa tairi la 1.95 lenye mstari uliojaa katikati na meno pembeni. Lami inapita kwenye mstari, mchanga unashikwa na meno. Kama safari zako saba kati ya kumi ni lami tupu ya Nzega au Urambo, haibridi ni halali yako, na tairi lisiwe chini ya milimita 40.

Yoyote utakayochagua, nenda sokoni na rula ya futi moja. Ilaze kwenye cheni, sifuri ikae katikati ya pini. Cheni nzima ina pini nyingine hasa kwenye inchi ya 12. Ikipitiliza milimita 3, dai punguzo la cheni na friwili pamoja, maana cheni mpya itaruka kwenye meno yaliyoliwa. Ukishaifunga mpya, usiipake grisi wala oili chafu ya gari, hukamata mchanga na kuusaga humo humo. Tone moja la mafuta ya cherehani kila kiungo, zungusha pedeli, kisha futa kwa kitambaa mpaka kidole kikipita kisichafuke.