Luku ililia, tukacheka

Huu mwezi wa tatu mfululizo mshahara haujaingia. Bosi anasema "vumilieni kidogo", na hicho kidogo chake ni kirefu kuliko foleni ya Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Juzi usiku Luku, mita yetu ya umeme, ikaanza kulia tukiwa tunakula. Uniti moja na nusu. Zamani ningenuna mpaka asubuhi. Safari hii mke wangu alinitazama, nikamtazama, tukaangua kicheko. Tukazima friji (mlikuwa na maji na ndimu mbili tu), tukatandika mkeka nje, tukapigwa na upepo.

Kilichonituliza hasa ni daftari. Nilikaa nikaandika kila ninachodaiwa: Mangi wa dukani 38,000, kodi miezi miwili, ada ya mtoto. Deni likikaa kichwani linanenepa, nikaliona kwenye karatasi lina mwisho. Nikamfuata mwenye nyumba kabla hajaja kugonga. "Angalau umekuja mwenyewe, mwanangu," akasema. Kanipa mpaka mwisho wa mwezi.

Jirani alinishauri nichukue mkopo wa kausha damu: unapewa laki, unarudisha laki na thelathini, rejesho kila siku. Nikamshukuru, nikapita zangu.

Sasa natoka Kariakoo mpaka Magomeni kwa miguu, mabasi ya mwendokasi yananipita pale Jangwani. Nauli inaingia kwenye unga wa ngano. Mama Salma kaanza maandazi, leo yameisha kabla ya saa mbili asubuhi. Nilinyoosha mkono nichukue moja la mwisho, akanipiga kofi la vidole: "Huo mtaji, baba Salma!"