Bei Iliyofungwa Kwenye Pindo la Kanga

Nimerudi Ngamiani jioni hii pamoja na Shangazi, na hata viatu sijavua.

Shangazi anaugua saratani ya titi, na daktari amemwandikia trastuzumab, dawa inayoingizwa mshipani kila baada ya wiki 3 kwa muda wa mwaka mzima.

Tumezunguka maduka ya dawa tangu asubuhi. Mawili hayakuwa nayo. Katika la tatu, kijana wa dukani aliandika bei ya dozi moja kwenye kipande cha karatasi, akakisogeza kwetu taratibu bila kuitamka, nadhani kwa huruma.

Shangazi alikitazama kwa muda mrefu.

Kisha akakikunja, akakifunga kwenye pindo la kanga, pale pale anapofungia nauli, akasema, "Haya mwanangu, twende zetu."

Kinachoniuma ni kwamba Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hii katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwaka 2019 likaidhinisha kwa mara ya kwanza dawa inayofanana nayo, yenye gharama nafuu zaidi, ili nchi kama yetu ziweze kuinunua. Miaka yote hiyo imepita, na sisi tumerudi na karatasi.

Ndugu zangu, mliowahi kuuguza mgonjwa wa saratani hapa Tanga, dawa mliipataje: kwa bima, kwa msamaha wa matibabu, au mlilazimika kwenda Dar es Salaam? Tafadhali niandikieni, hata usiku huu.