Diski ipo, Windows XP haiioni: nilivyoitatua Nasser Road

Nasser Road hapa Kampala ni mtaa wa wachapishaji: mabango ya kampeni, kalenda, kadi za harusi, stika za teksi na boda boda. Mimi natengeneza kompyuta mtaani humo, na nyingi ninazoletewa ni za kazi, zinalisha familia. Hajati mmoja, mwenyeji wa Bombo, ana mashine ya kukata stika inayochomekwa kwenye lile tundu pana la printa lenye pini 25. Programu yake haikubali kitu kingine isipokuwa Windows XP. Diski ya kompyuta yake ilipokufa, alinunua nyingine ya GB 500 akaniletea.

"Mwanangu, fundi wa kwanza kasema hata hii mpya ni mbovu. Niirudishe dukani?"

"Subiri kidogo, Hajati. Tuiangalie kwanza."

CD ya XP ilianza vizuri, kisha ikatoa ujumbe kwamba haikupata diski ngumu yoyote kwenye kompyuta. Ujumbe huo umefanya diski nyingi nzima zitupwe. Mimi siuamini kabla sijaingia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya kompyuta yenyewe kabla Windows haijaanza, kwa kubonyeza F2 au Delete kompyuta inapowaka. Nikaikuta diski imeorodheshwa, jina lake na ukubwa wake. Kama BIOS inaiona, basi waya ni mzima, umeme unafika, na diski inaitika. Tatizo liko kwa XP inayosakinishwa. Isingeorodheshwa, ningebadilisha waya wa SATA, ule unaounganisha diski na bodi kuu, na tundu lake kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

XP ilitoka mwaka 2001. Diski za SATA zilikuja baadaye, na utaratibu wa AHCI, ambao bodi za kisasa hutumia kuzungumza na diski hizo, ulitangazwa mwaka 2004. CD ya XP haina draiva yake, yaani programu ndogo ya kuifundisha Windows kuzungumza na kifaa. Windows Vista na zilizofuata zinayo, ndiyo maana diski ileile inaonekana mara moja ukiweka Windows 7.

Dawa ya kwanza ilikuwa humohumo BIOS. Nikatafuta mstari wa SATA Mode (kwenye bodi nyingine umeandikwa SATA Operation), nikautoa kwenye AHCI nikauweka IDE, utaratibu wa zamani. Bodi nyingine huiita ATA, Compatible au Legacy. Maana ni moja, kwamba bodi inajifanya ya zamani ili XP iielewe. Nikahifadhi, nikawasha upya, diski ikajitokeza. Hajati alimshukuru Mungu kwa sauti.

Hapa lazima nionye. Kama kwenye diski tayari kuna Windows iliyowekwa chini ya AHCI, usibadilishe hali hiyo hivihivi. Itakataa kuwaka na kukuletea skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Ukiona namba hiyo, rudisha hali ilivyokuwa. Mafaili yako hayajaenda popote.

Kazi haikuishia hapo. CD aliyokuja nayo Hajati ilikuwa ile ya mwanzo kabisa, na diski ya GB 500 ikasomeka kama ya GB 128 hivi. XP ya mwanzo haiwezi kuhesabu zaidi ya hapo. Uwezo huo uliongezwa na Service Pack 1, kifurushi cha marekebisho ya XP, mwaka 2002. Nikachukua CD yangu yenye Service Pack 3, ukubwa ukaja sawa. Nikahakikisha pia diski imegawanywa kwa mtindo wa MBR, kwa sababu XP ya biti 32 haiwezi kuwaka kutoka kwenye GPT, mtindo mpya wa kugawanya diski.

Kuna laptop ambazo BIOS yake haina kabisa chaguo la IDE. Hizo huzitengenezea CD mpya kwa programu ya nLite, nikiingiza draiva ya AHCI ndani ya XP. Draiva lazima ilingane na kidhibiti cha SATA cha bodi hiyo, yaani chipu inayoendesha diski, kwa hiyo nawasha kwanza Linux kutoka kwenye flashi na kuandika lspci -nn, amri inayoorodhesha vifaa na namba zake. Namba ya kidhibiti ikianza na 8086 ni cha Intel, 1022 ni cha AMD. Namba zinazofuata ndizo za kutafutia draiva yenyewe. Njia rasmi ya kuongeza draiva, ya kubonyeza F6 usakinishaji unapoanza, inadai flopi, na flopi Kampala siku hizi utazunguka ukizitafuta hadi jua lizame.

Kompyuta ya Hajati sikuiunganisha na intaneti. XP iliacha kupewa marekebisho ya usalama Aprili 2014, kwa hiyo michoro inaingia kwa flashi iliyochunguzwa kwenye mashine nyingine, na nimezima ile tabia ya flashi kujifungua yenyewe.

Wenye kompyuta mpya msidhani haliwahusu. Laptop nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 hutumia VMD, utaratibu wa Intel wa kusimamia diski, na Windows 10 nayo inasema hakuna diski. Zima VMD kwenye BIOS kama bado hujaweka kitu. Vinginevyo, pakua draiva ya Intel RST, ambayo ndiyo draiva ya diski hizo, ifungue kwenye flashi, na usakinishaji ukifika kwenye orodha tupu ya diski bonyeza Load driver uielekeze kwenye folda hiyo.