Moyo Kwenda Mbio Karibu na Kukoma Hedhi: Pima Kabla ya Kulaumu Umri

Mwanamke wa miaka 48 akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio, mara nyingi huambiwa, "Ni umri tu, itapita." Jibu hilo linaniudhi kwa sababu ni nusu ya ukweli. Joto la ghafla linalopanda kutoka kifuani hadi usoni huweza kweli kuja na mapigo ya kasi kwa dakika chache, kisha jasho na baridi. Lakini katika miaka hiyohiyo estrojeni, homoni ya kike, hupungua, lehemu ya LDL, ile mbaya inayoziba mishipa, hupanda, hasa karibu na hedhi ya mwisho, na mafuta huanza kujaa tumboni. Mabadiliko haya hayaumi, ndiyo maana hupita bila mtu kuyaona.

Anza na presha, na uipime vizuri. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda haja ndogo, kisha kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya nguo. Pima mara mbili, ukiacha dakika 1 katikati, asubuhi na jioni kwa siku 7. Tupa namba za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85, muone daktari. Kosa ninaloliona zaidi ni mkanda mdogo kwenye mkono mnene: husoma juu kuliko presha halisi, na mtu akaanzishiwa dawa asizozihitaji. Usipime pia wakati joto limekupanda, subiri litulie.

Mapigo nayo yaandike: saa, yamedumu muda gani, joto lilikuwepo au la. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono uhesabu kwa dakika nzima. Mapigo yasiyo na mpangilio, au yanayokuja bila joto, yanahitaji kipimo cha umeme wa moyo. Omba pia kipimo cha damu cha tezi ya shingo na cha wingi wa damu, kwa kuwa tezi inayofanya kazi kupita kiasi huleta jasho na mapigo yaleyale, na hedhi nzito za miaka ya mwisho huacha upungufu wa damu, ambao nao huufanya moyo uende mbio. Lehemu na sukari vipimwe siku hiyohiyo.

Tiba ya homoni hutuliza joto kuliko dawa nyingine yoyote. Kwa mwenye afya njema aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu akome hedhi, faida kwa kawaida huzidi hatari. Hata hivyo haitolewi ili kukinga moyo, na aliyewahi kupata kiharusi, shambulio la moyo, damu kuganda kwenye mishipa au saratani ya matiti kwa kawaida hapewi. Estrojeni ya kubandika kwenye ngozi ina hatari ndogo ya kugandisha damu kuliko vidonge.

Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45 amwambie daktari mapema, maana hatari ya moyo kwake ni kubwa zaidi.

Kifua kubana, pumzi kukatika, maumivu ya taya, mgongo au mkono, kichefuchefu na jasho baridi visivyotulia: nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kuona kama ni joto la kawaida.