Laptopu ya 2012, SSD mpya na waya niliouamini

Laptopu yangu ya mwaka 2012 sijaiacha kwa sababu moja tu: ina tundu la FireWire, njia ya zamani ya kuunganisha kamera na kompyuta. Kamera ya zamani ya mama, ile ya kanda za MiniDV, hutoa video yake kamili kwa njia hiyo, na kanda zenyewe zimeanza kuchoka. Ile aliyomrekodi mdogo wangu akijifunza kutembea tayari inakatakata. Basi nimekuwa nikizihamishia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Kanda ya saa moja inakula GB 13 hivi, diski ya ndani ikajaa upesi, nikanunua SSD ya nje, diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, inayochomekwa kwa USB.

Nilipofikisha kanda tisa, kama GB 120, nikaanza kuzinakili. Spidi: megabaiti 36 kwa sekunde. Kazi ikachukua karibu saa nzima, na boksi la SSD linasema inapita 500.

Kila niliyemuuliza aliniambia niifomati. Nashukuru sikufanya hivyo, maana kufomati kungefuta nakala za kanda zote tisa na spidi isingesogea hata kidogo. Ile 36 yenyewe ilikuwa inasema kitu. USB 2.0, toleo la zamani la USB lililotoka mwaka 2000, ina megabiti 480 kwa sekunde. Gawanya kwa nane upate megabaiti 60, kisha ondoa zinazoliwa na mawasiliano ya itifaki, unabaki na 30 hadi 40 hivi. SSD ikiganda humo, usianze kuilaumu. Kuna mahali inapitishwa kwenye USB 2.0.

Na kweli, nilikuwa nimechomeka upande wa kulia, kwenye tundu jeusi. Kushoto kuna mawili ya bluu, ya USB 3.0, toleo lenye kasi zaidi. Nikahamisha nikiwa na uhakika nimemaliza. Nikapata 37.

Hapo nilikwama siku mbili. Niliingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, kwa kuwa mashine nyingi za umri huu zina kipengele cha xHCI kinachoendesha USB 3.0, na kikizimwa matundu ya bluu hufanya kazi kama USB 2.0. Changu kilikuwa kimewashwa. (Ukiwa bado na Windows 7, angalia na draiva (programu inayoendesha tundu), kwa sababu haikuja na ya USB 3.0 ndani yake.) Mimi natumia Linux, kwa hiyo nikaandika `lsusb -t`, amri inayoonyesha kila kifaa cha USB kimeunganishwa kwa megabiti ngapi kwa sekunde. Kando ya SSD ilisomeka 480M. Kwenye tundu la bluu nilitegemea 5000M.

Tundu zima, BIOS sawa, SSD mpya. Kilichobaki kilikuwa waya. Uliokuja na SSD ni mfupi mno kwangu, nikawa natumia wa kuchajia simu, mrefu na mzuri, ambao sikuwahi kuutilia shaka. Nikawasha tochi na kuchungulia ndani ya kichwa chake kipana. Pini nne, basi. Nikachukua ule mfupi: pini nne zilezile mbele, na nyuma yake, ndani zaidi, nyingine tano ndogo. Hizo tano ndizo njia ya USB 3.0. Waya wa simu haukuwa nazo kabisa, kwa hiyo hata ningeuchomeka wapi, ungebaki USB 2.0.

Jambo moja nililoligundua papo hapo: ukiuchomeka polepole, zile nne zinaweza kugusa kwanza na kompyuta ikaamua hii ni USB 2.0. Sukuma mara moja hadi mwisho.

Nikaandika tena `lsusb -t`: 5000M. Kipimo cha `hdparm -t`, amri inayopima kasi ya kusoma diski, kikatoa megabaiti 384 kwa sekunde. Kwa furaha nikanakili tena faili zilezile, nikaona 88.

Safari hii sikupoteza siku mbili. Nilielekeza kipimo kilekile kwenye diski ya ndani, kikatoa 91. Ni diski ya sahani inayozunguka, na hiyo ndiyo nguvu yake yote. SSD haiwezi kupokea haraka kuliko inavyopewa. Ndiyo maana nasisitiza upime kila kipande peke yake: tundu, waya, diski inayotoa, diski inayopokea. Kunakili faili kunakupa namba moja tu, wala haikuambii ni ya nani.

GB 120 sasa huchukua dakika 23 hivi, lakini nimeacha kabisa kunakili. Video ya DV inahitaji megabaiti zisizofika nne kwa sekunde, kwa hiyo nairekodi moja kwa moja kwenye SSD. Hata ule waya wa simu ungeimudu. Niliogopa tu kupoteza fremu kwa kanda ambayo huenda isikubali kuchezwa mara ya pili. Kwenye kuhariri ndipo ile 384 inaonekana: navuta kipande mbele na nyuma na picha inafuata mkono.

Kanda ya kumi imo kwenye kamera sasa hivi. Mama ameiandika pembeni kwa kalamu, tarehe tu, na wino umefifia.